Lango Lisilo na Mlinzi

Mwanangu Lusajo,

Habari za blanketi, za dawa ya tumbo na za kutolala penye majimaji mama yako amekwisha kukuambia, na ninavyomjua amekuambia mara tatu, kwa hiyo mimi sizirudii. Nimekaa upenuni, jua bado liko juu, na yeye yuko ufukweni anachoma vyungu vyake. Kesho alfajiri unaondoka Mwaya na wenzako kumi kwenda bomani kuwa askari wa Wadachi. Haya ningependa kuyasema kwa mdomo, lakini tangu ulipotimiza miaka kumi ukahamia kule kwenye kijiji cha rika lenu, sijakupata peke yako hata siku moja. Ukija kula kwa mama yako mnakuja kumi na mmoja, mnamaliza chungu kizima, mnaondoka mkicheka kwenda kumaliza chungu cha mama mwingine. Ni desturi nzuri, nami nimekua ndani yake. Leo ndiyo inayonitia hofu.

Unamkumbuka yule shaushi aliyekuja juzi kuandika majina. Alikupiga begani mbele ya watu, akanigeukia mimi.

"Mzee, hongera! Kumi na mmoja wa rika moja! Hawa hawatoroki. Jeshini tunajua siku nyingi: Mnyakyusa ukimchukua peke yake, wiki haiishi amesharudi migombani kwao. Lakini ukiwachukua kwa rika, hata lango usilifunge."

Watu walicheka. Nami nikacheka kwa adabu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka alipoondoka.

Utaratibu ule hawakuubuni Wadachi, Lusajo. Niliwapa mimi.

Unajua kwamba nilikuwa shaushi. Utotoni mmecheza kwata hapo uwanjani kwa amri zangu, mkibeba mabua ya mtama begani, na ulikuwa ukijivuna kwamba baba yako ndiye anayejua kupiga kelele kuliko baba zao. Hukuwahi kuniuliza ushaushi ule niliupataje. Ungeuliza ningekudanganya, maana nimewadanganya wote walioniuliza.

Ilikuwa kabla ya vita vya kusini, wewe ukiwa mdogo wa kuchunga ndama. Boma la juu milimani lilikuwa linavuja watu kama kikapu. Waliandikishwa ishirini, mwezi ukiisha wamebaki sita. Posho ilichelewa, kiboko hakikuchelewa. Vijana wetu wa bondeni walichanganywa na watu wasiojuana nao, huyu ametoka Tabora, huyu ametoka Sudani, kila mmoja na kisufuria chake na kona yake. Wewe unajua sisi tunamwitaje mtu anayekula peke yake. Tunamwita mchawi. Kijana anaamka asubuhi anajikuta kama mchawi, ana ugali wake mkononi na hana wa kumwambia karibu. Usiku unaofuata hayupo. Wadachi wakamfunga mama yake, wakachukua ng'ombe wa baba yake, na hapo hata wale waliokuwa hawajafikiria kutoroka wakaanza kufikiria.

Mimi nilikuwa ombasha tu, tena kwa sababu nilikijua Kiswahili, nilichokiokota kwa wachuuzi wa ziwani. Palikuwa na luteni mmoja kijana, shingo nyekundu, mpole kuliko wenzake. Siku moja aliniita barazani kwake, akaniambia niketi. Hakuna Mdachi aliyewahi kuniambia niketi. Akaniuliza, "Kwa nini watu wako wanakimbia?"

Angenichapa, nisingesema kitu. Aliniuliza, mwanangu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa na akili zangu na hakuna aliyekuwa akizihitaji, na huyu hapa ametoka mbali ana kitabu na kalamu anangoja neno langu. Nikamwambia yote. Nikamwambia, bwana, mtu wetu hamkimbii adui na kiboko anakizoea, anachokimbia ni kula peke yake. Mchukue pamoja na rika lake. Wape jiko moja na chungu kimoja. Wake zao waje nao. Na mkubwa wao awe ni yule aliyewaita, mtu wa rika lao, maana huyo hawawezi kumwacha wala yeye hawezi kuwaacha. Halafu, kwa kuwa nilimwona anaandika, nikaongeza la kwangu: "Ukifanya hivyo, bwana, mwondoe na mlinzi wa langoni. Aibu itawalinda."

Akacheka, akaandika hilo pia. Nilitoka pale kichwa kimevimba, nikashuka hadi kijiji cha rika langu, huku Mwaya, kuwaita wenzangu.

Walikuwa kumi na watano. Nitakutajia mmoja tu, Kalinga, baba yake huyu Katule unayelala naye nyumba moja. Kalinga alikuwa na mdomo. Hata msibani alikuwa akisema neno la kuwachekesha waliaji, wakamlaani huku wanacheka. Nilimwambia, twende, tutakaa pamoja kama hapa, tutakula pamoja, hakuna wa kututenganisha. Akasema, "Kama unakwenda wewe, nani atabaki kuniazima jembe? Twende." Wengine wakafuata kwa sababu Kalinga ameinuka. Ndivyo tulivyo sisi. Kuinuka kwa mmoja kunawavuta wote, na kuketi kwa mmoja vilevile. Mama yake Kalinga akaniletea mkungu wa ndizi nyumbani kwangu. "Ndaga fijo, tata," aliniambia, asante sana, kama mtu aliyetafutiwa mwanawe kazi nzuri.

Utaratibu wangu ulifanya kazi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ningeweza kukuambia kwamba ulikuwa upuuzi tangu mwanzo, na huo ungekuwa uongo mwingine. Hakutoroka mtu. Wake zetu walipika, jioni tuliimba, kwata tuliipiga hadi wazungu wenyewe wakatoka kutazama. Aliyeugua alibebewa bunduki na mwenzake. Luteni aliliacha lango wazi mchana na usiku bila mlinzi, akawa anawaonyesha wageni wake lile lango kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wake mzuri. Walikuja kutoka maboma mengine kuuliza. Mimi nikapewa ushaushi na tepe mpya mkononi. Nilifurahi, Lusajo. Mpaka leo nikiikumbuka ile furaha naionea haya.

Kisha vikaja vita vya kusini. Wake zetu walirudishwa nyumbani, sisi tukapelekwa ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nane kutoka hapa, kulinda ghala juu ya kilima, na luteni akaja nasi, na lango la huko nalo akaliacha bila mlinzi. Sina habari za mapigano za kukupa. Hatukupigwa risasi hata moja. Kazi yetu ilikuwa kushuka vijijini kuchoma mashamba na vihenge vya nafaka, ili wale walioasi wafe njaa. Tuliifanya vizuri kazi hiyo. Nimechoma mtama wa mwanamke aliyekuwa ameniangukia miguuni. Sijui alikufa wapi. Tulipomaliza kuichoma nchi nzima, ghala letu nalo likaisha, na posho kutoka bomani haikuja, na hapakuwa na mahali pa kuomba wala pa kuiba kwa sababu tulikuwa tumepachoma wenyewe.

Tukala mizizi. Tukachemsha mikanda. Halafu tumbo la kuhara damu likaingia.

Kambini walikuwamo askari wa makabila mengine, waliokusanywa mmoja mmoja kwa njia ile ya zamani, kila mtu na kisufuria chake. Hao waliondoka. Leo wawili, kesho mmoja, wanachukua fimbo wanashuka kilima. Lango lilikuwa wazi, luteni amelala homa, nani wa kuwazuia? Baadaye nilikuja kusikia kwamba wengi wao walifika kwao. Sisi tulikaa. Kila mmoja wetu alilitazama lile lango na kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa yule atakayetajwa Mwaya kwamba aliwaacha wenziwe kwenye chungu. Jioni tulichuchumaa kukizunguka kile chungu kama tulivyokuwa tukifanya tangu utoto, na kwa kuwa mtu mwenye adabu halichukui tonge la mwisho, tonge la mwisho lilikuwa likibaki. Watu wenye njaa ya kuua, mwanangu, na tonge limelala pale linapoa, na kila mtu anasema, "Wewe kula, mimi nimeshiba." Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Hakuna jambo nililoliona jeshini baya kuliko hilo.

Siku tulipomzika wa nne, Kalinga alinifuata kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa amebaki macho na meno. Hakutania.

"Wewe ndiye uliyetuita," akasema. "Sisi hatuwezi kuanza. Wewe ukisimama ukapita pale langoni, tutakufuata wote, na hakuna atakayekuwa ametoroka. Tutakuwa tumekufuata tu. Simama, ndugu yangu."

Nilimjibu nini? Nilimwambia, "Subirini posho."

Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Nilikuwa nimemwapia luteni, lakini sikuogopa kiapo. Wala kitanzi sikukiogopa, maana hapakuwa na mtu mwenye nguvu za kufunga kamba. Niliogopa kile kitabu chake. Niliona mle ndani limeandikwa neno langu kwamba watu wetu hawatoroki, na sikutaka lifutwe. Kwa ajili ya neno moja nililolisema nikiwa nimeketi kwenye kiti cha mzungu, niliwaketisha ndugu zangu kumi na watano juu ya kilima. Najua watu wanasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na wanaisema kama mzaha. Mimi nimekipeleka kilio katika nyumba kumi na mbili, na wala sikuwa shujaa.

Kalinga aliishi siku tano zaidi. Asubuhi ya mwisho nilimpelekea maji, akajitahidi kupiga saluti hali amelala, mkono ukafika masikioni ukaanguka. "Shaushi," akasema, "naomba ruhusa ya kufa." Nikamwambia, "Nyamaza, mpumbavu wewe." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia rafiki yangu.

Posho ikaja siku ya tisa tangu Kalinga aliponiomba. Tulikuwa tumebaki watu wanne, mimi na wenzangu watatu, na wale watatu nao hawakuimaliza ile masika iliyofuata.

Niliporudi, vibanda vya rika letu vilikuwa vinaota majani hadi mlangoni. Sikutukanwa. Wajane walinipikia. Niliwaambia kwamba posho ilipotelea njiani, na kwamba maadui walikuwa wametuzunguka pande zote, hakuna njia. Wakaamini, maana nani ataamini kwamba watu wazima walikufa njaa kando ya lango lililo wazi? Mama yake Kalinga aliendelea kuniambia ndaga kila tulipokutana njiani, mpaka alipokufa. Nilianza kuzunguka kwa njia ya mtoni ili nisikutane naye. Mama yako anadhani ile homa iliyonishika mwaka ule ilikuwa pumzi ya watu, manung'uniko yao yamenipata. Ningeshukuru kama wangenung'unika.

Sasa wewe. Shaushi alipouliza nani anataka, ulisimama wa kwanza, na nilikuona ukinitazama. Nilijua unanipa zawadi. Katule akasimama baada yako, kisha wale wengine tisa, kama nyuzi za mkeka. Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na kinywa, na watu wangenisikiliza. Nikaketi tu kama nilivyoketi kule kilimani, na kufikia jioni majina yalikuwa yameshaandikwa.

Siwezi kukuambia usiende kesho. Mmoja wenu asipoonekana, watawafunga mama zenu bomani na kuchoma kijiji, na safari hii hawatanii, maana wana hofu. Waingereza wako ng'ambo ya Songwe, mvua zikikatika watavuka, kila mvuvi anajua. Jeshi linaloshindwa kuwalisha watu wake huanza kutafuta kamba ya kuwafunga, na hawa wamekwisha kuipata kamba yenyewe. Ni mapenzi yenu ninyi kwa ninyi. Sijui kamba ngumu kuliko hiyo, na aliyewaonyesha ilipo ni mimi.

Sikwambii usiwapende wenzako. Ningekuwa mwongo tena, maana miaka niliyokula na Kalinga ndiyo miaka yangu. Wala sikwambii utoroke kesho kutwa kwa sababu ya kiboko au kwata au maneno ya ombasha, hayo yatapita. Nakuambia kuhusu siku moja tu. Utaijua. Posho itakuwa imekatika, wakubwa wenu watakuwa wagonjwa au wamejifungia, na mtaanza kuachiana tonge la mwisho. Siku hiyo kila mtu atakuwa anatazama lango na hakuna atakayesema. Usingoje Katule aje kukuomba. Kuna wengine hawana mdomo wa baba yake, watakufa kabla ya kuomba.

Nilikuwa nimeamua kukuandikia haya na kuishia hapa. Lakini asubuhi ya leo, nikiwa natafuta kalamu, niliona kwamba najificha tena nyuma ya karatasi. Nikaenda kwa mama yake Katule. Nilimkuta anapeta mpunga. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe, na lile la subirini posho.

Aliendelea kupeta hata nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza, "Shemeji, lango lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

"Na mlinzi?"

"Hapakuwa na mlinzi."

"Na Kalinga alikuomba."

"Aliniomba."

Akaweka ungo chini. "Umekaa na neno hili miaka yote hii," akasema, "ukala kwangu, ukamwona mwanangu akikua, ukaja kuniambia leo. Kwa nini hukuja kabla hawajaandika majina?"

Alinitazama, na ninakuambia, mwanangu, sijawahi kutazamwa hivyo hata na wale tuliowachomea mashamba. Nilidhani atapiga yowe kijiji kikusanyike, na nilikuwa tayari. Hakupiga. Alipoanza tena kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetuma mtoto dukani.

"Nenda ukamwandikie mwanao. Katule hataanza. Ni mtoto wa baba yake, atakaa pale pale akingoja mwenzake ainuke. Mwambie Lusajo ainuke. Na wewe usipite tena uani kwangu mpaka nimwone Katule kwa macho yangu. Asiporudi, usipite kabisa."

Nikamwambia nimekubali.

Kwa hiyo barua hii ni yangu na ni yake pia. Ukiisoma hadi mwisho, itie motoni. Watakuita mwoga, na huenda hata ukifika hapa Mwaya ukajikuta unakula peke yako, na wazee watamtemea mate baba yako kwa kukuzaa. Acha wateme. Mimi nitakaa nawe, tutakula wawili.

Siku ile ikifika, inuka mchana, jua likiwaka, wakuone. Usiage wala usieleze, wakikuuliza unakwenda wapi sema nyumbani. Pita langoni. Na usikimbie, mwanangu, hata moyo ukikutuma. Tembea polepole, ili na mgonjwa aweze kukufuata.

Baba yako